Siku 11 Hamburg, Ujerumani, na mtoto wa miezi 22: uzoefu wangu

Tangu nirudi Dar, kina mama wenzangu wananiuliza swali moja: uliwezaje na mtoto? Niliweza, tena mchana kutwa nilikuwa peke yangu naye. Mume wangu alikuwa na mafunzo ya kikazi, anaondoka asubuhi, anarudi jioni. Mimi nilibaki na binti yangu wa miezi 22, kigari chake cha kusukuma, kanga doti moja, na mji ambao lugha yake siijui hata salamu. Naandika haya kwa ajili ya mama mwingine atakayejikuta kwenye hali hiyo, maana mimi kabla ya safari nilitafuta maelezo kwa Kiswahili nikakosa.

Upande wa makaratasi, mtoto wa chini ya miaka 6 halipiwi ada ya viza ya Schengen (viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya) wala hachukuliwi alama za vidole, wakati mtu mzima ni euro 90. Lakini pasipoti lazima awe na yake mwenyewe, na bima ya safari pia, yenye fidia isiyopungua euro 30,000. Cheti cha kuzaliwa nilikitembeza kwenye mkoba siku zote.

Tulikwenda mwezi wa 6, na jambo lililonishinda wiki nzima ya kwanza ni jua. Tofauti ya saa kati yetu na wao majira hayo ni saa moja tu, nikadhani mtoto hatasumbuka. Kumbe saa 3 na nusu usiku kweupe pe! Ukimwambia mtoto alale anakuonyesha dirisha. Pazia la nyumba tuliyopanga lilikuwa jepesi kama chandarua, basi kanga moja nikaitundika dirishani, ikabaki pale mpaka siku ya kuondoka. Alfajiri nako, saa 10 na nusu yuko macho, anataka uji.

Kuamka huko mapema ndiko kulikotupeleka soko la samaki la Altona, Fischmarkt, ambalo limekuwapo kando ya mto Elbe tangu mwaka 1703. Ni Jumapili tu, na majira ya joto linafunguliwa saa 11 alfajiri, saa 3 na nusu asubuhi linafungwa. Mji ule watu wake hawapazi sauti, ndani ya treni unasikia kurasa za gazeti zikifunguliwa, lakini pale sokoni wauzaji wanapiga kelele kama wako Kariakoo, wanajaza vikapu vya matunda huku wakitaja bei na kuongezea nyongeza juu ya nyongeza. Mwanangu alichangamka mno. Nilinunua kikapu cha matunda na mkate wenye samaki ndani. Kama mtoto wako ni wa kuamka na jogoo, usilikose.

Sasa usafiri, ambao kwangu mimi ndio sababu kubwa ya kuusifia mji huu. Mtoto wa chini ya miaka 6 hapandi kwa nauli, iwe basi, treni au kivuko. Mimi nilikata tiketi ya siku inayoanza saa 3 asubuhi, ambayo ni nafuu kuliko ya kawaida, na kwa mama mwenye mtoto hakuna hasara, kwani nani anamaliza kuoga, kunywa uji na kubadilishwa nguo kabla ya saa 3? Basi lina mlango wa katikati na nafasi ya kuegesha kigari. Ukifika kituoni dereva anakusubiri uingie. Nimezoea daladala, nimembeba mtoto mgongoni huku konda ananihimiza, kwa hiyo siku ya kwanza niliposubiriwa hivyo nilishukuru mpaka nikaona aibu.

Vituo vya treni vingi vina lifti. Siku moja niliikuta haifanyi kazi. Nimesimama chini ya ngazi najipanga nianze na mtoto au na kigari, kijana mmoja akashika kigari kwa mbele bila kusema neno, akaniangalia kama kuniuliza "twende?", tukapanda, akaondoka zake. Baada ya siku ile nilikuwa natoka na kanga ya pili mkobani, maana mbeleko haiharibiki. Na mtoto akiwa mgongoni alikuwa analala fofofo hata katikati ya watu.

Kumbadilisha mtoto pampasi ulikuwa wasiwasi wangu mkubwa, maana vyoo vya vituoni ni vya kulipia na vingine unasita kuingia. Dada mmoja wa Kighana tuliyekaa naye kiti kimoja kwenye treni ndiye aliyenifungua macho: nenda dm. Ni duka la dawa za meno, sabuni na vitu vya watoto, limetapakaa mji mzima, na matawi yao mengi yana meza ya kumlazia mtoto pamoja na pampasi na tishu za maji, vyote bure. Hawakuulizi umenunua nini. Mama anayepanga matembezi aangalie kwanza dm ya karibu iko wapi.

Vivutio sitavieleza vyote, kwani vingine nilipita tu. Jengo la muziki la Elbphilharmonie tulipanda mpaka baraza lake lililo mita 37 juu, tukaona bandari, upepo ukatufukuza. Kilichonishangaza kwa mtoto wangu ni Miniatur Wunderland, kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt. Ni nchi nzima za vidude vidogo: treni, milima, viwanja vya ndege, vijitu visivyozidi kucha. Mtoto aliye chini ya mita 1 kwa urefu anaingia bure. Kila baada ya dakika kama 15 taa za ukumbi zinafifia, kunakuwa usiku, na vijumba vyote vinawaka taa. Mwanangu kila giza lilipoingia alikuwa ananong'ona, "Umeme umekatika." Nilitamani nimrekodi. Kata tiketi mapema kwa saa maalumu, nenda siku ya kazi, na usilazimishe zaidi ya saa moja na nusu, kwa sababu ni lazima umbebe ili aone, na mikono inachoka.

Furaha kubwa zaidi tuliipata kwenye kivuko namba 62. Kinaondoka gati za Landungsbrücken kwenda Finkenwerder, na tiketi yake ni ileile ya basi. Watalii wengi wanalipa pesa nzuri kwa boti za matembezi pembeni yake, wakati pantoni hii ya wananchi inapita mbele ya meli zilezile. Tulishuka Neumühlen, tukaenda ufukwe wa Övelgönne. Mchanga, maji, na mbele yako meli za makontena ndefu kama mtaa zinapita karibu kiasi kwamba unaona mabaharia wakitembea. Pale ufukweni kuna jiwe la tani 217 lililotolewa chini ya mto mwaka 1999, watoto wanalizunguka. Lakini tahadhari: meli ikishapita, unadhani imekwisha, halafu wimbi lake linafika nyuma kwa nguvu na linapanda mchangani ghafla. Nilikuwa nimemwacha mwanangu hatua 3 kutoka kwangu, maji yakamfika magotini. Mto ule una mkondo mkali, si wa kuogelea. Meli kubwa ikitokea, msogeze mtoto juu kabisa na usubiri.

Siku za mvua nilijifunza kitu kwa Wajerumani. Mimi mvua ikinyesha mtoto yuko ndani. Wao wanamvisha suruali ya mpira yenye mikanda ya mabegani, buti, na kofia, wanamwachia akae kwenye dimbwi. Nilikaa siku mbili nawatazama kwenye bustani ya Planten un Blomen, ambayo kuingia ni bure na ina uwanja mkubwa wa watoto wenye michanga na mabembea. Siku ya tatu nikanunua suruali ya mpira kwenye mnada wa vitu vya mtumba. Mwanangu hakutaka kuivua hata kulala. Ukikutana na bibi mzee akakusemesha kwa ukali kidogo, usihamaki. Mara mbili nilisimamishwa, nikadhani nimekosea sheria, kumbe ananionyesha kwamba mtoto hana kofia na kuna upepo. Ni bibi kama bibi zetu, tofauti ni lugha.

Kuna mambo hayakunifurahisha. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ghorofa ya 3 bila lifti, jambo ambalo tangazo halikulisema, na siku ya pili tulikuta karatasi mlangoni ikitukumbusha kuhusu kelele. Mtoto anayeota meno atanyamazishwaje? Iliniuma, na nikawa nalala kwa wasiwasi. Eneo la kuzunguka kituo kikuu, Hauptbahnhof, lina msongamano na watu waliozidiwa na dawa za kulevya, wengine wamelala chini, nami nilipita pale nimeshika kigari kwa mikono miwili. Hata hivyo hatua chache kutoka hapo, barabara ya Steindamm, ndiko nilikopata chakula cha halali, wali, na karibu yake maduka ya Kiafrika. Unga wa ugali tuliupata mtaa huo, na mwanangu aliyekuwa amegoma kula siku 2 alimaliza sahani.

Jumapili ya pili alipata homa. Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa, na maduka ya dawa pia, nikahisi moyo umesimama. Mwenye nyumba jirani alituelekeza tupige 116117, namba ya daktari nje ya saa za kazi, ambayo si ya dharura (dharura ni 112). Kisha kuna utaratibu wa zamu: kila siku duka fulani la dawa liko wazi usiku kucha, na orodha inabandikwa kwenye mlango wa kila duka lililofungwa. Tulilikuta letu, unahudumiwa kupitia kidirisha, na kuna nyongeza ya euro 2.50 kwa huduma hiyo. Mfamasia alinipa paracetamol, lakini si ya maji. Ilikuwa ya kuingiza njia ya haja kubwa. Nilisita. Akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba huko ndivyo watoto wengi wanavyopewa, kwa sababu hawaitapiki. Saa moja baadaye homa ikashuka. Hata hivyo, nenda na dawa ya homa ya mtoto wako uliyoizoea pamoja na kipimajoto. Usiku kama ule si wa kujifunzia.

Kwa nyota 5 Hamburg naupa 4, na ile moja niliyoipunguza ni kwa ajili ya ile karatasi ya mlangoni.

Nimeacha Ohlsdorf kwa makusudi mpaka hapa. Ni makaburi, na nilisita kumpeleka mtoto makaburini. Lakini ni bustani kubwa kuliko nilivyoweza kufikiri, hekta 389, yamefunguliwa mwaka 1877, na mabasi ya mji yanapita ndani yake. Mwezi wa 6 mwanzoni maua yamefunga njia pande zote mbili. Humo amelala Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, binti wa Sultani, ambaye Hamburg walimjua kwa jina la Emily Ruete. Alikuja kuishi mji huu mwaka 1867 na mume wake Mjerumani. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto 3 wadogo, mdogo kabisa mchanga.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Hadithi yake nimeisikia tangu utotoni, ya binti mfalme aliyetoroka. Sikuwahi kuisikia kama hadithi ya mama. Nilisimama pale na kigari, nimechoka kwa siku 9 tu za kulea peke yangu mchana kwenye nchi ya watu, tena nina simu ya kumpigia mama yangu kila jioni. Yeye hakuwa na tiketi ya bure ya mtoto, hakuwa na mtu wa kumwambia shikamoo, na baridi ya kule sikuionja mimi. Alifariki mwaka 1924 mjini Jena, akiwa na miaka 79, akazikwa hapa kwenye kaburi la mume wake. Wanasema alitunza mchanga wa pwani ya Unguja maisha yake yote na akazikwa nao. Nilimwambia mwanangu, "Mwamkie bibi." Akaweka jani moja juu ya jiwe, akalichukua, akaliweka tena.

Siku ya kuondoka tulipanda treni ya S1 kwenda uwanja wa ndege. Sikiliza hili vizuri: treni hiyo ikifika Ohlsdorf inakatwa vipande viwili. Mabehewa ya mbele yanakwenda uwanjani, ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Sisi tulikuwa nyuma, kwa sababu lifti ilitushushia karibu na mlango ule. Mzee mmoja aliona masanduku yetu, akatuashiria kwa kidole, mbele, mbele! Tukashuka mbio, mume wangu na masanduku, mimi na mtoto kwenye mbeleko. Tulipokuwa tunakimbia kwenye jukwaa la kituo, mwanangu akatambua pale mahali. Akatoa mkono nje ya kanga, akaelekeza upande wa ngazi za kutokea, akasema, "Bibi."