Donati za mdalasini kwenye kikaangio cha hewa: miezi minne yangu hapa Lubumbashi

Kama unataka kununua kikaangio cha hewa ili upate mandazi yale ambayo akina mama wanauza asubuhi kando ya barabara kule Katuba au komini ya Kenya, usitoe pesa zako kwanza. Wale mama wanachota rojo laini kwa mkono na kulidondosha kwenye mafuta ya moto. Rojo la namna hiyo ukilitia humu linachuruzika kwenye matundu ya kapu na kugandia chini. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukwangua. Mashine hii inataka donge la kukanda, lenye kushika umbo.

Changu ni cha lita 4, wati 1,500. Nilikinunua baada ya daktari kumwambia mama mkwe apunguze mafuta kwa ajili ya presha. Tunakaa naye, na chai ya asubuhi bila kitafunio kwake si chai.

Ninatumia unga wa ngano nusu kilo, sukari vijiko vinne vya chakula, hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, yai moja, siagi gramu 60 na kikombe kimoja cha maziwa ya uvuguvugu. Ya unga yaliyokorogwa vizuri yanatosha kabisa. Nakanda dakika kumi, nafunika, nangoja. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ikifika, donge linaweza kukaa saa mbili bila kuumuka sawasawa, kwa hiyo naliweka karibu na mbabula (jiko la makaa) yenye makala yanayozimika. Karibu tu, si juu yake. Kisha nakata kwa glasi, tundu la katikati natoboa kwa kizibo cha chupa, na naziacha zipumzike nusu saa nyingine. Siku niliyoruka hiyo nusu saa, zilitoka nzito kama udongo.

Natanguliza moto wa digrii 180, napaka mafuta kidogo juu, naweka nne nne. Dakika ya nne nageuza, ya sita natoa. Donati kumi na mbili zinamaliza awamu tatu, kama dakika ishirini hivi, na umeme unaoliwa hauzidi sana nusu ya kilowati-saa.

Sasa mdalasini, maana hapo ndipo nilipoharibu. Siku ya kwanza nilizipaka sukari na mdalasini kabla ya kuziingiza. Ndani ya mashine kuna feni inayosukuma hewa ya moto kwa nguvu, na kitu chepesi chochote kinapeperuka. Unga wa mdalasini uliruka hadi kwenye koili, ukaungua, na harufu chungu ikakaa jikoni hadi usiku. Sukari inakuja mwisho: donati ikitoka tu, bado inachoma vidole, ichovye kwenye siagi iliyoyeyushwa, halafu igaragaze kwenye sukari gramu 100 iliyochanganywa na mdalasini vijiko viwili vya chai. Ikipoa kabla ya siagi, sukari haishiki.

Tatizo kubwa ni umeme. Jioni kwetu unakuwa hafifu. Feni inazunguka kwa uchovu, na baada ya dakika kumi donati bado ni nyeupe. Siku hizi napika asubuhi mapema. Ukikatika katikati, usizitupe: nilimalizia zangu kwenye sufuria nzito yenye mfuniko juu ya mbabula, moto mdogo, zikaiva vizuri ingawa upande mmoja ulikolea zaidi.

Na ladha? Mama mkwe alitafuna ya kwanza polepole, akasema, “Mwana yangu, hii ni mukate, si mandazi.” Alisema kweli. Ndani ni laini kama mkate wa maziwa, nje hakuna ule ukoko wa mafuta. Kesho yake zinakauka, lakini dakika mbili kwa digrii 160 zinazirudishia ulaini.

Mimi naridhika nacho, na sijuti pesa niliyotoa. Jumamosi iliyopita mama mkwe alikula mbili, akasukuma sahani kwangu na kuniambia wiki ijayo niongeze mdalasini.