Spesa za Kuinua Pua ya Hilux: Nilivyozifunga Mwenyewe Uani, Malindi

Kwa miaka minne Hilux yangu ya milango minne ilikuwa ikienda kama mbuzi anayenusa chini, makalio juu na pua karibu na lami. Mwishowe nilinunua seti ya kuisawazisha, yaani spesa mbili za alumini, vipande vya kuongeza kimo, zinazokaa juu ya springi za mbele, katika duka moja la vipuri mjini Mombasa, kwa bei iliyo chini ya bei ya tairi moja jipya. Niliifunga mwenyewe uani kwangu Maweni, nikisaidiwa na mpwa wangu. Tangu hapo nimekwenda nayo kilomita 900, nyingi zikiwa za barabara ya Marafa, ambayo haimfichii mtu ubovu wa gari lake.

Spesa yenyewe ina unene wa milimita 25, lakini gari hupanda zaidi ya hapo, kwa sababu springi ya mbele imeegemea katikati ya mkono wa chini, ule wa chuma unaotoka kwenye chasisi kwenda kulishika gurudumu, na kila kinachoongezwa pale huwa karibu maradufu kikifika kwenye gurudumu. Nilipima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, si kutoka chini, ili upepo wa tairi usinidanganye. Mbele ilikuwa milimita 500 na nyuma 550; baada ya kazi mbele ikafika 545. Kwa jicho gari limelala sawa, na ahadi iliyoandikwa kwenye boksi imetimia.

Ndani ya boksi hilo, hata hivyo, mambo hayakuwa safi. Nati moja kati ya sita ilikuwa na meno yaliyochongwa vibaya, ikakwama baada ya mizunguko miwili, na karatasi ya maelekezo haikutaja popote kila nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Nililazimika kutafuta vipimo hivyo katika kitabu cha ufundi cha gari lenyewe. Muuzaji alinipa nati nyingine bila ubishi, ila safari ya Mombasa kwa ajili ya nati moja si jambo la kumfurahisha mtu.

Kazi tuliianza alfajiri, kabla jua halijakuwa kali. Tulizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, tukapiga jeki, kisha tukalilaza gari juu ya vigingi viwili vya chuma chini ya chasisi, kwa maana jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu anayeingiza kichwa chini ya gari. Juu ya shokabsoba, ndani ya boneti, kuna nati tatu zilizozunguka nati moja ya katikati. Hizo tatu ndizo za kufungua. Ile ya katikati ndiyo inayoishikilia springi iliyobanwa, na mwenye kuifungua bila kifaa cha kuikamata springi huenda asipate nafasi ya kujuta. Nilimwonesha mpwa wangu kwa kidole, nikairudia mara mbili, hadi akaniambia, "Mjomba, nimesikia."

Upande wa kulia ulichukua saa mbili. Upande wa kushoto ulitula mchana kutwa, na kisa ni boliti moja, ile inayounganisha mguu wa shokabsoba na mkono wa chini. Wenye magari ya pwani wanalijua jambo hili: hewa ya chumvi huingia kati ya boliti na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, yaani kile kiungo cha mpira, kutu ikavijaza, vikawa kitu kimoja. Nati ilitoka vizuri, lakini boliti ilipozungushwa ilizunguka pamoja na bushi, na mpira ukawa unalia kama mlango mkavu. Nilikuwa nimeinyunyizia mafuta ya kutu usiku uliotangulia, haikusaidia. Tulinyunyiza tena, tukaenda kuswali adhuhuri, tukarudi, tukairudishia nati kwa juu ili tusiharibu meno, tukaigonga kwa nyundo ya kilo mbili huku mpwa akiutikisa mkono juu na chini. Ilipotoka ilikuwa nyekundu kama udongo wa Marafa. Nimeweka mpya, nikaipaka grisi, nami namshauri kila mkazi wa pwani anunue boliti hizo mbili kabla hajagusa spana. Tena zisikazwe mwisho gari likiwa bado hewani, kwani bushi itabaki imejipinda na haitadumu. Kaza magurudumu yakiwa chini.

Gharama ambayo boksi haisemi huja siku ya pili. Gari likipandishwa mbele, pembe za magurudumu hubadilika, na langu lilikuwa likivuta kushoto na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Baada ya kupelekwa kwenye mashine ya kulinganisha magurudumu limetulia. Taa nazo zilikuwa zikimulika vilele vya minazi. Nilizishusha usiku nikilikabili gari na ukuta wa nyumba.

Mwendo wenyewe haukubadilika, wala haukupaswa kubadilika, kwa kuwa springi na shokabsoba ni zile zile. Anayetafuta ulaini, au uwezo zaidi wa kupita mashimoni, hatausikia hapa. Gurudumu likidondoka ghafla kwenye shimo refu nasikia kishindo kifupi, kwa sababu boljointi ya juu, kiungo cha duara kinachounganisha gurudumu na mkono wa juu, sasa inafika mwisho wa pembe yake mapema. Sivijointi, viungo vya ekseli zinazozungusha magurudumu ya mbele, pia hufanya kazi kwa pembe kali zaidi, hivyo kila wiki naangalia kama mipira yake haijapasuka na kutema grisi.

Lakini langu kubwa ni mzigo. Kiwanda hakikuinua nyuma kwa kusahau. Springi za bapa za nyuma zimeachiwa nafasi ya kushuka tani ikipandishwa. Mimi hubeba paneli za sola na betri chache, na gari hubaki sawa. Siku niliyombebea jirani mifuko 14 ya saruji hadi Mambrui, pua ilielekea mbinguni, na kwenye daraja la Sabaki kila dereva niliyekutana naye alinipigia taa akidhani nimewasha za juu.

Mpwa wangu hubeba chumvi kutoka Gongoni na sasa anataka seti kama hii. Nimemwambia aanze na springi za nyuma. Amenuna, ila funguo za sanduku la spana ninazo mimi.