Sherehe Chini ya Ukurasa: Riwaya ya Watoto Inayofundisha Msamiati

Haya watazamaji wangu, karibuni tena! Riwaya mliyokuwa mkiniulizia, hii hapa mkononi. Picha, jalada, idadi ya kurasa, hayo mmeshayaona kwingine, nayaruka. Kuna kitu kimoja kimenifurahisha mno: sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, iko chini ya ukurasa uleule!

Tazameni kwa karibu. Neno gumu limekolezwa wino, maana yake hii hapa chini, sentensi nzima inayoeleweka. Riwaya nyingi za watoto hurundika sherehe mwishoni mwa kitabu, na hilo huniudhi sana. Mtoto yuko pale mwizi anapoukaribia mlango, aache hadithi aende kupekua kurasa za nyuma? Hapekui. Analiruka neno, anaendelea.

Sasa tujaribu. Nafungua popote. Mtoto anasoma, kila neno asilolijua anakunja kidole. Moja... la pili hili... la tatu. Ukurasa umekwisha, safi kabisa! Vidole vitano vikijaa mapema, kitabu bado kinamzidi. Na hesabu hii ina mashiko. Mwaka 2000, watafiti Hu na Nation walichunguza watu wanaosoma hadithi kwa lugha ya kigeni, wakaona wengi huhitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ndipo waelewe vizuri bila msaada. Ukurasa wa maneno 250, asilimia mbili zinazobaki ni maneno matano. Hesabuni wenyewe.

Lakini ngojeni, msishuke chini haraka. Nafunika sherehe kwa kiganja, hivi. Mtoto akisie kwanza: nani anatenda, nini kimetokea kabla, sentensi inayofuata inasemaje? Akishakisia, nafunua. Hapo neno linamkaa. Shida ni kwamba wino wa sherehe hii umekolea kupita kiasi, jicho linavutwa kabla hujakisia. Kwa hilo, wale wanaoiweka mwishoni nao wana hoja yao kidogo. Kidogo tu!

Mnaniuliza kuhusu programu za simu za kujifunza maneno kwa kadi. Nyingi zinafuata wazo la mwanahabari wa sayansi Sebastian Leitner, la mwaka 1972: neno linalokushinda linarudi mapema, unalolijua linachelewa. Ni nzuri, nazipenda. Ila kadi haina mwizi mlangoni. Hapa neno la sura ya pili linarudi sura ya tano, mdomoni mwa mhusika mwingine, katika hali nyingine kabisa. Mwandishi amefanya kazi!

Ijumaa tutakuwa mubashara, leteni watoto wasome nasi, na ambaye hajajisajili abonyeze kengele sasa hivi. Kuhusu bei, jalada gumu ni ghali na ndani hakuna kilichoongezwa, chukueni jalada jepesi. Mwenye toleo la zamani lenye sherehe nyuma asinunue jingine: atoe nakala ya kurasa zile za sherehe, azikate, mtoto awe nazo pembeni anaposoma.