Spiegel im Spiegel: dakika kumi za piano na fidla

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Moshi. Masikio yangu yamelelewa na matarumbeta na kinanda cha kanisani, na muziki usio na maneno nilikuwa nauchukulia kama wa kusindikiza watu wanaotafuta viti. Sasa nina miezi kadhaa nasikiliza Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt karibu kila alfajiri.

Pärt ni mtunzi kutoka Estonia. Aliutunga muziki huu mwaka 1978, na jina hilo la Kijerumani maana yake ni kioo ndani ya kioo. Piano inapiga noti tatu tatu za kupanda, taratibu, tangu mwanzo hadi mwisho. Fidla inaanza na noti mbili tu. Kisha inaongeza moja, halafu nyingine, mara inapanda, mara inashuka, na daima inarudi kwenye noti ileile. Kwa sisi wa sol-fa, tunaoimba noti kwa majina ya do, re, mi, noti hiyo ni mi. Nilikaa na daftari la kwaya nikawa naandika d r m pembeni, ndipo nikakiona hicho kioo: mstari mmoja ukipanda, mwenzake unashuka.

Nikadhani ni rahisi. Jumamosi moja niliwahi kanisani nikajaribu sehemu ya piano. Noti hazikunishinda, mwendo ndio ulionishinda. Mkono unataka kukimbia, na hapo hakuna ngoma ya kukurudisha.

Faida kubwa nimeipata mazoezini. Nilileta spika ndogo, nikawaambia sauti ya pili, wanawake wa sauti ya chini, washike mi pamoja na fidla mpaka yenyewe iachie. Wakakatika mmoja baada ya mwingine, fidla ikabaki peke yake. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Mwalimu, turudie." Tukarudia wiki nne. Siku hizi wanapumua kwa kupokezana na noti haikatiki. Ukisimama mlangoni hujui nani kavuta pumzi.

Tahadhari: mara ya kwanza niliusikiliza kwenye programu ya bure ya simu, tangazo la kubeti likaingia fidla ikiwa bado inavuta. Niliumia kweli. Lipia, upakue kabisa. Spika ya simu nayo inameza noti za chini za piano, kwa hiyo tumia visikilizi. Na usiusikilize ndani ya Hiace, utauonea bure.

Kuna toleo la selo pia, ala kubwa ya jamii ya fidla, zito zaidi na zuri kwa usiku. Mimi nabaki na fidla.

Nyota tano. Sehemu ya piano sasa naiweza bila kukimbia. Kama kuna mpiga fidla Moshi au Arusha anayesoma hapa, anisaidie sehemu ya fidla, kwaya yangu haijawahi kuusikia ukipigwa mbele yao.