Omega-3 ya ladha ya limau: pasua kidonge kwanza

Ni chupa ya vidonge laini 60 vya mafuta ya samaki kutoka Marekani, inauzwa duka la dawa Mwanjelwa, Mbeya. Mbele imeandikwa 1000 mg kwa herufi kubwa, lakini huo ni uzito wa mafuta yote. Igeuze usome nyuma: EPA 180 mg, DHA 120 mg, ndizo omega-3 zenyewe. Unacholipia hasa ni hizo 300. Linganisha bei kwa namba hiyo, maana chupa ya pembeni yenye 600 kwa kidonge huonekana ghali na pengine siyo.

Kumezeka vinamezeka. Limau, pamoja na ganda lisiloyeyuka mpaka kidonge kivuke tumbo, vimeondoa ile kero ya kubeua samaki hadi jioni. Ubunifu mzuri, ila hapo hapo ndipo ninapogombana nao. Mafuta haya huchacha kwa hewa, joto na mwanga, na nyumbani kipimo chako ni pua. Limau linaiziba. Kiwango cha Codex, cha kimataifa cha chakula, cha 2017 kinataka peroksaidi, yaani kipimo cha kuchacha, isizidi milliekwivalenti 5 kwa kilo, lakini chupa hii haionyeshi ilipimwa ikapata ngapi.

Basi toboa kidonge kimoja kwa wembe, kamulia kwenye kijiko, nusa, onja tone. Harufu hafifu ya samaki haina shida. Ikija harufu ya rangi ya mbao, au uchungu unaokwaruza koo nyuma ya limau, yamechacha hata kama tarehe ya kuisha bado mwaka mzima. Tarehe hiyo ilihesabiwa kwa chupa iliyotunzwa vizuri, si iliyoanikwa dirishani. Ya kwangu ilitoka rafu ya dirishani na vidonge vilikuwa vimegandana, dalili kwamba joto lilivipitia. Vikiwa na ukungu ndani mwezi wa Juni au Julai, usivitupe; hiyo ni baridi yetu tu, vishike mkononi vitang'aa tena.

Kuhusu maandishi: "kiwanda kimesajiliwa FDA" haina maana kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imekagua chupa. Kwa sheria ya Marekani ya 1994, virutubisho huingia sokoni bila kuidhinishwa kwanza. Usalama ni jukumu la mtengenezaji. Kanuni za uzalishaji za 2007 zinambana kweli, lakini nembo ya GMP, ya uzalishaji bora, yeyote anaweza kuichapa. Nembo ya USP Verified, ya shirika la viwango vya dawa la Marekani, ina uzito zaidi kwa sababu anapima mtu wa nje. Hapa haipo. Na muuzaji akisema chupa mpya "imepitishwa na TFDA", muulize TFDA ipi, maana hiyo ni mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, na udhibiti wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango, 2019.

Meza pamoja na mlo wenye mafuta, si kwa chai kavu. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza.

Nyota mbili kati ya tano, zote za ganda. Chupa ijayo nitachukua isiyo na ladha, kutoka rafu ya ndani.