Roland TR-808: Kagua Haya Kabla Hujatoa Pesa

Karibuni. Kabla sijabonyeza chochote, vaeni hedifoni. Kiki, yaani ngoma kubwa, ya mashine hii ya ngoma inanguruma kwenye hezi 50 hivi, na spika ya simu haishuki hadi huko. Utasikia "tk" tu, utamu wote umekupita.

Roland walitengeneza TR-808 Japani kuanzia 1980 hadi 1983, kama 12,000 hivi. Linn LM-1, mashine nyingine ya ngoma ya wakati huohuo, ilicheza ngoma halisi zilizorekodiwa, na bei yake ilikaribia dola 5,000. Humu kwenye 808 hakuna rekodi hata moja. Saketi ndiyo inayopiga. Sikiliza kengele hii: mawimbi mawili ya mraba, basi.

Tuweke biti. Swichi ya Mode iwe Pattern Write, 1st Part. Bonyeza Start, chagua BD (kiki), kisha vibonye 1, 5, 9 na 13. Kiki hiyo imeshaanza kutembea. Sasa angalieni AC (Accent, ya kukazia pigo), maana wengi hunasa hapa: ukiiweka kwenye 5, kila kinachogonga pale kinapanda sauti, kiki, snea, hai-hati, vyote. Ukitaka snea pekee ipande, irekodi kivyake kupitia tundu lake la nyuma, halafu uipandishe kwenye kompyuta.

Kiki ina Level, Tone na Decay. Ya kupandisha au kushusha noti haipo. Decay ikiwa imejaa na biti ina kasi, pigo la pili linaingia la kwanza halijazima, na besi inakuwa tope. Irudishe taratibu mpaka usikie upenyo kati ya mapigo. Ikigombana na noti ya gitaa la besi, irekodi, ndipo uihamishe noti yake kwenye kompyuta.

Ukienda kununua, soma kwanza kibandiko cha umeme. Zilizouzwa Japani ni za volti 100. Ukichomeka kwenye 230 au 240 zetu, umeunguza transfoma. Tafuta transfoma ya kushusha umeme. Kisha fungua kifuniko cha betri: zinakaa tatu za AA, za kutunza biti ulizohifadhi. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, zimevuja, na maji yake hula vyuma na njia za saketi. Bei ishuke, au uondoke. Zikiwa nzima, zibadilishe mashine ikiwa imewashwa, usipoteze biti.

Gusa vibonye vyote 16, kimoja kimoja. Kinachogonga mara mbili kimechakaa. Fundi wa kulehemu anakibadilisha. Ila tundu la pini tano lisikudanganye: si MIDI, ile njia ya vyombo na kompyuta kuzungumza. Ni Sync, ya kwendesha mashine kwa pamoja, mapigo 24 kwa kila robo noti, kwa hiyo kompyuta yako itahitaji kigeuzi.

Kwa mtayarishaji anayetafuta mlio tu, namshauri Behringer RD-8. Nayo sauti zake zinatoka kwenye saketi, ina MIDI na USB, na kiki yake unaitafutia noti hapohapo kwenye mashine.