Mopria, app ya kuprinti kwenye simu, nimeitumia miezi minne steshenari kwangu Mwanjelwa, Mbeya

Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, printa moja ya leza ya waifai, laptopu na mashine ya fotokopi, na miaka yote kazi ilikuwa ile mnayoijua, mteja anakuja na faili kwenye simu, anakurushia WhatsApp, unafungua kwenye laptopu, unadaunlodi, unaprinti, anaondoka, halafu cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake na kitambulisho chake cha NIDA vinabaki kwenye mashine yangu mpaka nikumbuke kufuta. Hilo la kubaki na vitu vya watu lilikuwa linaninyima raha kabisa. Ndo nikaamua wateja waprinti wenyewe kutoka kwenye simu zao, na app niliyochagua ni Mopria Print Service, ipo Play Store, ya bure, na haikutaki ufungue akaunti yoyote.

Kwa nini hii na sio nyingine? Kila kampuni ya printa ina app yake, HP yake, Canon yake, Epson yake, sasa mtu amekuja kutoa kurasa tatu utamwambiaje amalize bando lake kudaunlodi app ya printa yako wewe? Mopria ni draiva moja, yaani programu ya kuiunganisha simu na printa, inayoelewana na printa za kampuni nyingi, chama kinachoitengeneza kilianzishwa 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox, na kuanzia Android 8 teknolojia yao imeshaingizwa ndani ya simu, kwa hiyo wateja wengi wanaprinti bila kudaunlodi kitu. Mimi kwenye simu yangu nimeweka app kamili kwa sababu ina machaguo mengi zaidi. Wa iPhone hawaihitaji, wana AirPrint, njia ya kuprinti iliyomo ndani ya simu zao, tangu 2010.

Sasa kuprinti kwenyewe ni rahisi, unafungua PDF, vidoti vitatu, chapisha, basi. Shida yote iko kwenye kuiona printa, na hapa naomba msomaji utulie maana watu wanaipa app nyota moja kwa kosa ambalo sio lake.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa kijana wa chuo cha MUST hapa Mbeya na ripoti yake ya fildi, kesho yake ndo mwisho wa kukusanya. Akafungua, ile alama ya kutafuta inazunguka tu, inazunguka, mwishoni hamna printa. "Dada, mbona haioni?" Nikaangalia juu ya simu yake, kumbe yuko kwenye data. Nikampa paswedi ya waifai, akaingia, bado haioni. Tumehangaika pale nusu saa na foleni nyuma yake inanuna, mwisho nikamprintia kwa laptopu kama zamani. Usiku ndo nikagundua, waifai niliyompa ni ile ya wageni niliyoitenga, na mtandao wa wageni mara nyingi umewekwa makusudi vifaa vilivyo ndani visionane, kwenye rauta yangu imeandikwa AP Isolation. Simu inapotafuta printa ni kama inaita kwa sauti humo ndani ya waifai, "printa mpo?", na printa inajibu, ukizuia sauti isipite hakuna atakayeitika. Vilevile ile sauti haivuki mtandao mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo printa na simu ziwe waifai moja. Nikahamishia printa kwenye hiyo waifai ya wageni, nikazima kile kizuizi, asubuhi simu ya kwanza imeiona ndani ya sekunde chache.

Nikafurahi wiki moja, halafu umeme ukakatika. Uliporudi, simu zilizokuwa zinaprinti vizuri jana yake zinasema printa haipo, na printa hii hapa imewaka taa ya kijani! Hii ilinichukua muda kuielewa. Rauta ndo inagawa anwani kwa kila kifaa, zikizimika zote na kuwaka upya inaweza kuipa printa anwani nyingine, sasa simu ambayo mwenye nayo aliiandikia anwani kwa mkono inabisha hodi nyumba ya zamani. Nilibonyeza printa initolee ile karatasi ya taarifa za mtandao, nikalinganisha na ya zamani, mwanzo 192.168.1.7, sasa 192.168.1.12. Dawa yake ni kuingia kwenye rauta ukaifungia printa anwani moja ya kudumu, mimi nimeipa inayoishia na 50, nimefanya mara moja tu.

Na hiki cha kuandika anwani kwa mkono ndo kimenifanya niipende hii app. Siku simu ya mtu inagoma kabisa kuiona printa, unaingia kuongeza printa, unaandika zile namba, inaiona palepale. Andika taratibu lakini, nukta moja ikipotea hamna kitu.

Yasiyonifurahisha yapo. Kuskani haifanyi, kuna app yao nyingine. Faili la Word likifunguliwa kwenye simu mistari inahama, majedwali yanavurugika, kwa hiyo siku hizi nawaambia kila mtu ageuze iwe PDF kwanza. Na kabla ya kubonyeza angalia saizi ya karatasi iwe A4, ikiwa imekaa kwenye Letter, saizi ya Kimarekani, unaweza kukuta pembeni pamekatwa. Halafu jamani yale maelekezo ya zamani ya Google Cloud Print, huduma ya Google ya kuprinti kupitia intaneti, achaneni nayo, ilifungwa 31 Desemba 2020.

Nyota nne kati ya tano naipa, ile moja nimeibakiza kwa sababu ikishindwa kuiona printa haikwambii tatizo liko wapi, inazunguka tu, na mtu asiyejua mitandao ataishia hapohapo.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Uyole na barua ya mirathi, hakutaka mtu aisome. Nikamwelekeza nikiwa nimesimama pembeni, akabonyeza mwenyewe, karatasi zikatoka, akazikunja akazitia kwenye mkoba kabla hata sijageuka. "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Ile anwani nimeiandika kwa maka peni nimeibandika ukutani juu ya printa, wiki hii umeme umekatika mara mbili na hakuna aliyeniita.